Kabla ya Kununua Gari, Tafuta Uwanja Tambarare

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Chekeni kwanza, mmalize, kisha tuendelee.

Kwa miaka minane nilikagua magari yaliyotumika, hapa Kisii na kule Nyamira, kwa niaba ya watu waliotaka kununua na hawakujua pa kuangalia. Mwezi uliopita nilikunja ovaroli yangu nikaanza kufundisha katika chuo cha ufundi, kazi yenye kiti na dirisha. Wanafunzi wangu huniuliza kazi ile ilikuwaje, na wawili wao wanataka kuingia humo. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi, wadogo zangu, mliomaliza chuo mkarudi nyumbani kusubiri kuitwa kazini. Mimi nilisubiri miezi kumi na minne. Kila Jumapili jioni nilipiga pasi blauzi ya mahojiano, hata siku ambazo hapakuwa na mahojiano, mpaka kola ikaanza kung'aa kama sufuria.

Mniwie radhi nikizunguka. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango narudi kuutikisa, na nikishautikisa narudi tena kuangalia kama kuutikisa hakukuufungua. Shahada yangu ni ya takwimu. Mama alidhani takwimu zingenituliza. Zilinipa tu majedwali ya kuwazia.

Aliyenipa kazi alikuwa Fundi Ombati, mwenye gereji pale Nyakoe, nyuma ya duka la mbolea. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kucha nyeusi na miwani iliyofungwa kwa waya.

"Mimi najua gari," aliniambia siku ya kwanza. "Lakini mteja wa siku hizi anataka karatasi. Mimi nitasikiliza gari, wewe Digrii utaandika karatasi."

Jina langu ni Kwamboka. Pale gereji halikutumika tena.

Kifaa cha kwanza alichonifundisha hakikuwa na betri wala waya. Kilikuwa jani la mgomba. Unakata jani bichi, pana, lisilochanika, unalitandaza chini ya injini jioni, na asubuhi unalisoma. Karatasi hunywa. Gunia hunywa. Udongo hunywa kisha huficha. Jani la mgomba halinywi kitu. Maji husimama juu yake kama shanga, ukiinua ukingo yanakimbia. Oili ya injini hutambaa polepole na kuacha ukungu wa kahawia. Ukiona nyekundu, hiyo ni ya usukani au ya gia zinazojibadilisha zenyewe. Maji ya rejeta utayajua kwa utelezi na kwa harufu yake tamu. Usiyaonje, na msiniulize nimejuaje.

Jani langu la kwanza kulisoma peke yangu lilikuwa chini ya gari la mtu wa Keroka. Asubuhi nililikuta safi kama sahani ya mgeni. Nikaandika, "Halivuji hata tone," nikapiga mstari chini ya maneno hayo mara mbili. Fundi Ombati akasoma, akavua miwani.

"Kijiti cha oili ulikichomoa?"

"La, Fundi. Lakini jani ni safi kabisa."

Akaenda mwenyewe, akafungua boneti, akachomoa kijiti, akaniletea. Kilikuwa kikavu kama cha kiberiti.

"Digrii," akasema, "kisima kilichokauka hakivuji."

Siku hiyo niliongeza mstari katika jedwali langu la ukaguzi: chomoa kijiti kabla ya kutandaza jani. Hivyo ndivyo jedwali lile lilivyokua. Kila kosa lilizaa mstari. Muuzaji mmoja aliwasha gari lake dakika ishirini kabla sijafika ili likohoe akiwa peke yake. Nikaongeza mstari: weka kiganja juu ya boneti kabla hujasalimia mtu. Mwingine aliosha injini ikang'aa, na juma lililofuata oili ikaanza kuchuruzika. Nikaongeza: injini iliyooshwa jana ina la kuficha leo. Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta ndogo kwa muda wa kunywa chai, lakini raba ya pedali ya breki hairudi ujana. Linganisheni hivyo viwili. Vuteni mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwa sababu gari lililowahi kuzama mafurikoni huoshwa kila mahali isipokuwa pale mkanda unapojificha.

Siku hizi mna kile kimashine kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma kompyuta ya gari. Kitumieni. Lakini jueni kwamba mwenye gari anaweza kukitumia kabla yenu akafuta makosa yote asubuhi hiyohiyo. Kimashine husema kile kilichoachiwa kusema. Fundi Ombati alikiita "shahidi wa kununuliwa", na hakukigusa mpaka nilipomnunulia kifuko cha kukihifadhia, ndipo akakipenda kifuko.

Kufikia mwaka wangu wa sita jedwali lilikuwa na mistari sitini na minne. Nililiamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe, na hapo ndipo ilipo habari ninayotaka kuwaambia.

Mwalimu Moraa alikuja gereji siku ya Jumatano, bado ana chaki kwenye mkono wa sweta. Alifundisha shule ya msingi huko Nyamira. Mama yake alikuwa mgonjwa wa figo, na mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, ilibidi afike hospitalini mjini Kisii alfajiri ili asafishwe damu kwa mashine. Kwao ni bondeni, karibu na kijito, chini kabisa ya mashamba ya chai. Gari la kukodi lilikuwa limewaangusha mara mbili. Mara ya pili walipofika, mashine ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine, na mama akalala siku hiyo akihema kama aliyepanda mlima, miguu imevimba.

Ukoo ulikuwa umechanga, kanisa limechanga, na mchango ule ulitosha gari moja. Akikosea, hapakuwa na la pili. Alikuwa ameona mawili yanayolingana na uwezo wake, na hakujua achukue lipi.

"Kwamboka," aliniambia, mmoja wa wachache waliokumbuka jina langu, "sitaki gari zuri. Nataka gari litakalowaka Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Hii inayokuja. Na zote zitakazofuata."

La kwanza lilikuwa Nyamarambe, jeupe, lile la umbo la mizigo, mali ya Tata Nyakundi, tata kwetu ni baba, aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni. Nilifika Alhamisi asubuhi. Mlango mmoja ulikuwa na bonde la kuweza kuoshea mtoto.

"Limewahi kugongwa?" nikauliza. Huo ni mstari wa tatu.

"Mara tatu. Mara mbili liligongwa na ng'ombe."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu mimi ndiye nilimgonga ng'ombe. Andika vizuri, usimwonee."

Kilomita zake zilinitia kizunguzungu. Raba ya breki ilikuwa imekwisha, kiti cha dereva kimelalia upande mmoja, na jani nililomwomba atandaze usiku uliotangulia lilikuwa na doa la oili kubwa kama punje ya harage. Mwenyewe alinionyesha daftari la shule la binti yake, kurasa za nyuma, ambamo aliandika kila mara alipobadilisha oili, kila plagi, kila mkanda wa injini. Nilimpa alama moja kwa daftari. Jedwali langu lilitoa alama moja kwa kila mstari, hivyo miaka yote ile ya uaminifu ilihesabiwa sawa na taa ya nyuma isiyopasuka. Jumla: arobaini na moja.

La pili lilikuwa Mosocho, la kijivu, mali ya Mzee Onchari, mzee wa kanisa la Kisabato la pale, Msabato kama mimi na Moraa, lakini mstaafu kwelikweli, si kama mimi. Nilifika Ijumaa alasiri. Wadogo zangu, gari lile! Viti vilikuwa bado na nailoni za dukani. Kilomita chache, raba ya breki nzima, mambo yote mawili yanapatana. Kijiti kina oili, jani halina kitu. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba kwenye mteremko, pua ikitazama chini, jiwe mbele ya gurudumu, kama magari yote ya kwetu.

"Bwairire, binti yangu," alinisalimu. "Hili gari huenda kanisani tu. Sabato hadi Sabato."

Akaingia mwenyewe ili alitoe mpaka barabarani. Mjukuu akaondoa jiwe, gari likateremka, na lilipofika barabarani lilikuwa linanguruma. Nikapanda. Mlimani lilikuwa zito kidogo, nikakata alama. Mengine yote yalipita.

Niliuliza maswali yangu yote sitini na manne na Mzee akajibu kila moja bila kupepesa. Tulipofika la mwisho alitazama magharibi.

"Jua linashuka. Sabato ikiingia sisemi habari za biashara. Mwambie huyo mwalimu aje kesho jua likishazama, aje na kilicho chake, mimi nitakuwa na hati zangu."

Nikajumlisha: hamsini na saba. Kabla jua halijazama nilimtumia Moraa ujumbe: "Chukua la kijivu. 57 kwa 41. Nenda kwa Mzee kesho jua likizama." Akajibu kwa neno moja, "Amina," akazima simu, kama anavyofanya kila Ijumaa jioni hadi Sabato iishe.

Kwa mtu wa kawaida kazi ingekuwa imekwisha. Mimi niliamka kabla ya jogoo. Nilipitia mistari yote kichwani nikipiga mswaki, nikaipitia tena nikifunga kitambaa. Sikupata kosa, na kukosa kosa ndiko kulikozidi kunitia hofu. Mwishowe sikwenda kanisa langu. Nilikwenda la Mzee Onchari, Mosocho. Nilijiambia naenda kusali. Mungu alijua naenda kuliangalia gari.

Kanisa lile liko chini ya kilima, na uwanja wake umesawazishwa kwa ajili ya mahema ya makambi. Gari la kijivu lilikuwa limeegeshwa pale tambarare, likiwa limeoshwa. Ibada ilipokwisha, Mzee Onchari aliingia, mkewe akaingia, kina mama wawili wazee wakaingia nyuma. Ndipo nikaona vijana sita waliovaa suti wakivua makoti yao bila kuambiwa na mtu. Mmoja alinijia mbio.

"Dada, nishikie Biblia."

Nikashika. Wakajipanga nyuma ya gari, mikono kwenye buti, tai zikiwa zimetupwa begani. "Moja, mbili, tatu!" Gari likasogea, likaenda, likakohoa, likakohoa tena, kisha karibu na lango likawaka kwa mngurumo, na uwanja mzima ukasema, "Amina!"

Mama aliyesimama kando yangu alitabasamu. "Wewe ni mgeni?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ndiyo baraka ya kufunga ibada."

"Kila Sabato?"

"Kila Sabato. Wakati wa mvua tunaongeza na kwaya."

Biblia ya kijana yule karibu inidondoke. Nikaliona tena lile jiwe, mjukuu, mteremko, gari likiteremka likinguruma. Nilikuwa nimelipanda, nimelijaribu, nimelipa alama hamsini na saba, na sikuwahi kusikia stata yake, ile mota ya kuamshia injini.

Wala msinicheke sana, nyinyi wa milima hii. Baba yangu aliegesha pikapu yake akiitazamisha chini miaka yote ya utoto wangu. Jirani zetu wote hivyo. Kwetu gari kuteremshwa ni kama mtu kushuka ngazi, nani huandika hilo katika jedwali? Mkaguzi wa Kisumu au wa Garissa, kwenye nchi tambarare, angeliuliza kabla hajashuka kwenye pikipiki. Nilikosa kwa sababu nilikuwa wa hapa.

Na nyumbani kwa kina Moraa ni bondeni. Hapana mteremko zaidi ya ule wa kupanda. Alfajiri, mama mgonjwa, hakuna vijana sita.

Simu ya Moraa ilikuwa imezimwa. Nilijua atakuja moja kwa moja kwa Mzee jua likizama. Basi nikaenda huko mapema, nikakaa. Mke wa Mzee alinipakulia ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, akaniuliza kama mimi ni wa ukoo gani, akapata kwamba shangazi yangu ameolewa jirani na dada yake. Nilikula bila kuonja. Kusema habari za gari siku ya Sabato ndani ya nyumba ile kungekuwa ukosefu wa adabu, na Mzee alikuwa ameketi mbele yangu akisoma somo la juma lijalo. Gari lilikuwa nje, pua ikitazama chini, jiwe mahali pake. Sijawahi kuona jua linalochelewa vile.

Hatimaye tulipiga magoti kufunga Sabato. Mzee aliomba kwa ajili ya wagonjwa, na mvua, na wasafiri, na gari lililokuwa linaondoka na nyumba linakokwenda. Nilifumbua jicho moja. Moraa alikuwa mlangoni, mkoba kifuani, akisubiri amina.

"Amina," akasema Mzee.

"Usimpe!" nikasema mimi.

Wote wakageuka. Nilieleza niliyoyaona, maneno yakikanyagana. Moraa aliketi kwenye kiti cha karibu bila kukaribishwa. Mzee Onchari alinitazama, si kwa hasira, ila kama mtu aliyeambiwa kwamba jina la mtoto wake halimo kwenye daftari la shule.

"Sikuficha," akasema.

"Najua, Tata."

"Uliniuliza maswali sitini na manne, binti yangu. Hilo hukuuliza."

"Sikuliuliza, Tata."

"Betri nilibadilisha mara mbili. Stata mara moja. Halafu nikaona mlima ni wa bure." Akafikiri. "Kwani magari ya watu wengine huwashwaje?"

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka mkewe alipocheka. Kisha Mzee mwenyewe akasimama. "Mimi siwezi kumuuzia mtu mzigo nikijua ni mzigo. Kesho tulipeleke pahali tambarare. Likiwaka, achukue. Likikataa, tutajua."

Pahali tambarare, Kisii, na uwanja wa kanisa Mzee alisema si pa biashara! Fundi Ombati aliponisikiliza Jumapili asubuhi alicheka hadi miwani ikaanguka, kisha akatupeleka kwenye uwanja wa mpira wa shule moja hapo Nyakoe. Hata huo umeinama. Timu inayoshambulia upande wa juu kipindi cha pili huja na malalamiko yaliyokwisha kuandikwa. Fundi alitoa chungwa mfukoni, akaliweka chini. Likabiringika. Akasogea, akaweka tena. Likabiringika. Karibu na goli la chini chungwa likatulia. "Hapa," akasema.

Tata Nyakundi, niliyempigia simu, alikuja na lile jeupe kutoka Nyamarambe, injini moto. Fundi alikataa kuligusa. "Injini moto haisemi ukweli," alisema, akafungua boneti zote mbili, na tukakaa kwenye nyasi tangu asubuhi hadi alasiri, tukila ndizi, wauzaji wawili wakilinganisha bei ya mbolea kama marafiki wa siku zote. Moraa peke yake hakula. Alikuwa akitazama saa, maana Jumatatu ilikuwa kesho.

Boneti zilipopoa kama jiwe la mtoni, Fundi alianza na la kijivu. Aliliunganisha na betri kubwa ya gereji ili betri isisingiziwe. Stata ilizungusha kwa nguvu, nzima kabisa. Injini haikushika. Mara ya pili. Ya tano. Ya nane. Akachomoa plagi, akapima mgandamizo wa silinda kwa geji yake. Silinda mbili zilikuwa dhaifu. Akadondosha kijiko cha oili ndani ya kila moja, akapima tena.

Hapo andikeni, wadogo zangu. Mgandamizo ukipanda baada ya oili, ringi za pistoni zimechoka. Usipopanda, vali hazifungi. Haukupanda.

"Vali," Fundi akamwambia Mzee kwa upole. "Gari linasimama siku sita, linatembea nusu kilomita, linasimama tena. Halipati joto la kujisafisha. Masizi yamekaa kwenye vali, unyevu umekula. Halikuharibiwa na kazi, Mzee. Limeharibiwa na kupumzika."

"Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka. Kichwa cha injini kifunguliwe, wiki mbili, tatu, na siapi."

Moraa hakuwa na wiki mbili. Sote tuligeuka kulitazama lile jeupe lenye bonde mlangoni. Mimi sikuweza kutazama, nilitazama chungwa.

Fundi akaingia. Stata ikalia mara moja, na injini ikashika. Akazima. Akangoja. Ikashika. Akazima, akamwambia Moraa aingie azungushe ufunguo mwenyewe. Ikashika tena. Alibaki ndani ya gari, dirisha limefungwa, injini inanguruma, naye akilia kwa namna ambayo tulijifanya tunakagua tairi.

Alipotoka alinijia.

"Hesabu yako sasa inasema nini, Kwamboka?"

"Nimeifuta."

Kabla ya kuondoka, akishahesabu fedha zake, Tata Nyakundi alimpa Moraa lile daftari la binti yake. "Endelea ukurasa huu," alimwambia. "Ukiruka, mimi nitajua." Mzee Onchari alisukumwa hadi mteremkoni na sisi sote, mimi na Fundi tukiwemo, na alipopita alitoa kichwa dirishani: "Mimi na hili tutazeeka pamoja! Vijana wa kanisa wanahitaji mazoezi!"

Tangu siku hiyo jedwali langu lilianza na mambo matatu kabla ya mistari yote: mnunuzi anaishi mahali pa namna gani, gari litawaka wapi, na likikataa, ni nani atakayeumia. Nilipokaa kitako nikagundua kwamba nilikuwa nimelinganisha magari mawili kama wanafunzi wawili wa mtihani, wakati swali lilikuwa moja tu na mwenye swali alikuwa ameliuliza kwa kinywa chake. Gari halina uimara wake peke yake, lina uimara wa njia yake na wa mtu wake. Lile la kijivu lilikuwa gari zuri kwa mzee anayeishi kilimani, juu ya kanisa. Nawaambia hivi kwa sababu mtakapoanza mtapenda sana alama. Nami nilizipenda. Zinatuliza mkono unaoandika, na ni za kweli kadiri ya mlichouliza.

Na msiionee haya hofu yenu, kama mnayo. Ya kwangu hainiambii kosa liko wapi, lakini siku ile ilinitoa kitandani ikanipeleka Mosocho. Ipeni kazi ya miguu, msiipe kiti.

Jumatatu ile Moraa aliahidi kunipigia wakifika hospitalini, saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili haikulia simu. Saa moja haikulia. Kufikia saa mbili nilikuwa nimeshawaona bondeni, nimewaona mlimani, nimewaona kando ya barabara na boneti imeinuliwa. Saa tatu nikapiga mimi. Ililia mara nyingi.

"Eh," sauti yenye usingizi ikajibu.

"Moraa! Mko wapi?"

"Hospitali. Tulifika mapema mno, mlango ulikuwa haujafunguliwa. Mama yuko kwenye mashine tangu saa kumi na mbili na nusu. Mimi nililala ndani ya gari. Nilisahau kukupigia, samahani."

"Yuko kwenye mashine?"

"Yuko kwenye mashine. Anakutukana."

"Mimi?"

"Anasema daktari amemkataza ndizi kwa sababu ya figo, na wewe umemchagulia gari linalonuka ndizi kuanzia kwetu mpaka Kisii. Anasema amesali njia nzima asishindwe na majaribu."

Nilikaa chini, palepale, kwenye ngazi ya gereji. Nilikuwa bado sijamaliza.

"Liliwaka mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Likiwa limeegeshwa wapi hasa?"

"Kwetu, bondeni."

"Pua ikitazama juu au chini?"

"Juu, Kwamboka."

"Na baridi ilikuwaje? Kulikuwa na ukungu? Kwa sababu kama hakukuwa na ukungu, basi—"

"Kwamboka," Moraa akasema, nami nikasikia kwamba anatabasamu, "mama amefika. Nenda ukanywe chai."

Nikaenda nikanywa. Vikombe viwili, na mkate mzima.